Buibui Anayemchagua Mbu

Kuna buibui mmoja katika Afrika yetu ya Mashariki ambaye Muumba hakumpa nchi kubwa. Makao yake ni ukanda wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Uganda, na nje ya hapo hajulikani kuishi popote. Mwili wake mzima haufiki milimita 8. Hukaa kwenye nyasi karibu na nyumba, kwenye mashina ya miti na kwenye kuta, na mpita njia hana sababu ya kumtambua. Wataalamu wanamwita Evarcha culicivora. Jina hilo liliingia vitabuni mwaka 2003 tu, pale Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand walipoeleza umbo lake kwa mara ya kwanza kutoka Mbita, mji mdogo wa Kenya unaotazamana na kisiwa cha Rusinga. Kabla ya hapo alikwisha kuishi na watu wa pwani ile kwa vizazi visivyohesabika, bila jina la kitabuni na bila kulihitaji.

Kutoka mji wetu wa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi Mbita, ndege ikiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 800. Ziwa lao si ziwa letu. Lakini habari za kiumbe huyu zinatuhusu sisi wa Tanganyika pengine kuliko watu wengine wengi, kwa sababu windo analolipenda kuliko yote ni mbu jike aliyeshiba damu.

Mtu wa Kalemie hahitaji kuelezwa mbu ni nini. Jua likishatua nyuma ya vilima, wanaanza. Hutoka kwenye madimbwi ya kando ya mto Lukuga, kwenye mashimo ya barabarani, kwenye mitaro isiyopitisha maji. Mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika mitaa ya pwani, maji yalituama mpaka milangoni mwa watu. Na nje ya mji, katika kambi za ndugu zetu waliokimbia vita vya ndani ya jimbo tangu miaka ya 2016 na 2017, wapo watoto wanaolala chini ya turubai bila chandarua. Kongo yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Tunapozungumza juu ya mbu hapa, tunazungumza juu ya makaburi madogo.

Kwa hiyo tumwangalie vizuri adui huyu kwanza, ndipo tutaona ukubwa wa ajabu ya buibui. Tangu 1897, Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko India, inajulikana kwamba ugonjwa huu hupita kwa mbu wa jamii ya Anofelesi. Dume hana neno nasi. Yeye hunywa utamu wa maua. Jike ndiye anayetafuta damu, kwa kuwa bila damu mayai yake hayakomai. Akishakunywa huwa mzito. Hawezi kwenda mbali, basi hutua ukutani hapo hapo ndani ya nyumba, tumbo limevimba na kuwa jekundu, akisubiri damu imeng'enywe. Kama mtu aliyeumwa alikuwa na malaria, vimelea vimeshaingia. Lakini hapo mbu bado hawezi kumwambukiza mtu. Vimelea vinahitaji kukua ndani yake kwa siku 10 hadi 14 hivi katika joto kama la kwetu, kisha visafiri mpaka kwenye mate yake. Mnyororo mzima wa ugonjwa unapita katika mbu yule aliyetulia ukutani. Afe usiku huo, na mnyororo umekatika.

Ni mbu huyo hasa ambaye buibui wa Mbita anamtafuta.

Evarcha ni wa ukoo wa buibui warukaji, ukoo mkubwa kuliko koo zote za buibui, wenye aina zaidi ya 6,000 zilizokwisha kuandikwa. Hawa hawatandi wavu na kungoja. Huwinda kwa macho: huona, hunyemelea, hupima, kisha huruka. Kabla ya kuruka, buibui hubandika uzi wake pale aliposimama, ili akikosa asianguke mbali. Miguu yake ya kurukia haisukumwi na misuli peke yake. Husukumwa na maji ya mwili yanayokandamizwa ghafla ndani ya mguu na kuunyoosha. Ndugu wa ukoo huu unao hata wewe msomaji wa Kalemie. Ni yule buibui mfupi, mwenye vinyweleo, anayetembea ukutani kwa kushtukashtuka, na ukimkaribia hugeuka akakuelekezea uso.

Anapogeuka hivyo anakutazama kweli. Ana macho manane. Sita yako pembeni na nyuma, na kazi yake ni kuhisi kitu chochote kinachosogea karibu pande zote. Mawili makubwa ya mbele ni ya kuchambua. Kila moja ni bomba refu lililoingia ndani ya kichwa, na mwisho wa bomba kuna utando wa kuonea, ambao misuli midogo huusogeza huku na huku wakati lenzi ya nje imetulia. Ni darubini, ndogo kuliko punje ya mchanga, iliyowekwa ndani ya kichwa ambacho kingekaa juu ya kichwa cha njiti ya kiberiti. Kwa macho hayo buibui warukaji huona undani wa vitu kuliko wadudu wenye ukubwa kama wao. Mimi kila nikisoma habari ya macho haya huona kwamba kumsifu Muumba kwa milima na bahari tu ni kumpunja.

Sasa tuje kwenye kuchagua kwake. Jioni, kando ya Ziwa Victoria, huinuka mawingu ya vijidudu vinavyozaliwa majini. Hutanda hewani mpaka ukadhani ni moshi, hujaa kwenye kuta na taa. Vina ukubwa wa mbu na umbo la kukaribiana na mbu, ila haviumi. Kwa buibui mwenye njaa, hiyo ni karamu iliyoandaliwa mlangoni. Mwindaji wa kawaida angekula hivyo akashiba akalala. Evarcha hula vijidudu hivyo akikosa kingine, lakini akipewa nafasi ya kuchagua huviacha na kumwendea mbu. Katika mbu wenyewe, humpita dume, humpita jike asiyekunywa, akamchagua jike mwenye damu tumboni.

Mambo haya yalithibitishwa katika kituo cha Mbita cha taasisi ya icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Risley Odhiambo. Kituo hicho cha kando ya ziwa leo kinaitwa kwa jina lake. Hapo Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walifanya majaribio waliyoyatangaza mwaka 2005. Walichukua wadudu waliokufa, wakawapachika katika mkao wa mdudu aliye hai, ili buibui asiongozwe na mwendo wala sauti bali na sura peke yake. Alichagua mbu mwenye damu. Wakamnyima sura wakamwachia harufu, hewa ikipita kwenye bomba kutoka alipofungiwa mbu asiyeonekana. Akaielekea harufu ya mbu mwenye damu. Buibui hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu au ya ng'ombe. Damu anaitaka, na njia pekee ya kuipata ni kumla yule aliyeichukua. Hakuna mwindaji mwingine aliyepata kuelezwa kabla yake ambaye huitafuta damu ya wanyama na ya watu kwa kupitia tumbo la mdudu mwingine.

Baadaye Nelson na Jackson waliuliza swali gumu zaidi: anamjuaje? Ikaonekana kwamba haangalii jambo moja tu. Hutazama tumbo kama lina wekundu wa damu. Hutazama pia vipapasio vya kichwani, kwa kuwa vya mbu dume vina manyoya mengi na vya jike ni vyembamba. Fikiria, msomaji: mbu ametua ukutani gizagiza likiingia, na kuna kiumbe wa milimita chache anayekagua unywele wa kichwa chake ili ajue kama ni jike.

Watoto wake ndio wanaonishangaza zaidi. Buibui mdogo aliyetoka yaini karibuni ni mdogo sana kuliko mbu anayemwinda. Nguvu hana. Lakini mbu wa Anofelesi ana desturi moja inayomtenga na mbu wengine: akitua, huinamisha kichwa na kuinua tumbo juu, mwili ukakaa mshazari, wakati mbu wa jamii nyingine hulala sambamba na ukuta. Mtoto wa Evarcha huutambua mshazari huo. Akishauona hamwendei mbu kwa mbele. Huzunguka kwa njia ndefu, hupita nyuma, huingia chini ya lile tumbo lililoinuliwa mahali ambapo mbu haoni, kisha hushambulia kutoka chini na kung'ang'ania. Mbu huruka naye, naye haachi, mpaka sumu ifanye kazi yake.

Na nani alimfundisha? Buibui waliolelewa kwenye vyumba vya majaribio, ambao hawakupata kumwona mbu tangu wazaliwe, walichagua vile vile. Mama yake hakumwonyesha. Elimu hiyo ilikuwa ndani ya yai. Wanaosoma mageuzi ya viumbe watasema ni kazi ya vizazi vingi mno, na sina ugomvi nao. Mfinyanzi hapungukiwi na heshima kwa kuwa alichukua muda mrefu. Lakini kwamba ndani ya yai lisiloonekana vizuri kwa jicho imo sura ya adui wa mwanadamu, pamoja na njia ya kumwendea kutoka nyuma, hilo halinipiti mdomoni bila kusema ametukuka aliyeliweka humo.

Kuna mengine kuhusu pua yake. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson walionyesha kwamba Evarcha huvutwa na harufu ya binadamu. Walitumia soksi zilizovaliwa na soksi safi, na buibui akaelekea kwenye zilizovaliwa. Harufu inayomleta mbu kwetu usiku ndiyo inayomleta na mlaji wake. Huvutwa pia na harufu ya kichaka cha lantana, chenye maua madogo ya rangi nyingi, na harufu ya mbarika, naye hunywa utamu wa mimea hiyo. Hata katika kuoana damu ina sehemu yake: buibui aliyekula mbu wenye damu huwa na harufu inayompendeza mwenzake kuliko aliyekula vijidudu vingine. Na tofauti na viumbe wengi ambao jike peke yake ndiye anayechagua, hapa dume naye huchagua, na wote wawili huchezeana kabla ya kukubaliana.

Aguri mwana wa Yake, katika sura ya 30 ya kitabu cha Mithali, alihesabu viumbe vinne vidogo akavisifu kwa akili. Ndugu zetu Waislamu wana sura nzima katika Kurani iliyopewa jina la buibui, sura ya 29. Wazee wale hawakuwa na vyumba vya majaribio, lakini waliona kwamba mtu anayetaka hekima asidharau vilivyo vidogo.

Sasa, kwa nini buibui huyu yuko kule tu? Mbu wa Anofelesi wako Afrika yote iliyo na joto. Angekuwa na chakula Kalemie, angekuwa na chakula Bukavu, Kigoma na Mombasa. Sababu kamili Muumba anaijua. Ninachokiona ni kwamba amependa viumbe fulani wawe na nyumba moja tu. Katika kisiwa cha Deserta Grande, karibu na Madeira katika bahari ya Atlantiki, kuna buibui mkubwa mwenye miguu ya weusi na weupe, Hogna ingens, anayeishi katika bonde moja peke yake, Vale da Castanheira. Hana makao mengine duniani. Majani ya kigeni yamelivamia bonde hilo na kufunika mawe anakojificha, hata bustani ya wanyama ya Bristol huko Uingereza ikaanza kumzalisha ili uzao wake usipotee. Madagaska nako yuko Caerostris darwini, aliyeelezwa mwaka 2010, ambaye hutega uzi kutoka ukingo mmoja wa mto hadi wa pili, hata mita 25, na uzi wake ni mgumu kukatika kuliko uzi wowote wa kiumbe uliopata kupimwa.

Wala tusitafute mbali. Ziwa letu hili, lenye kina cha mita 1,470 na umri wa miaka milioni nyingi, ni kisiwa cha namna yake: maji yaliyozungukwa na nchi kavu, na ndani yake mamia ya aina za samaki wasiopatikana katika maji mengine. Ndakala wanaoanikwa kwenye mchanga wa Kalemie kila asubuhi walizaliwa kuwa wa Tanganyika peke yake. Ukiwaona Ziwa Kivu leo, ujue walipelekwa huko na watu mwaka 1959. Mukebuka naye ni wa humu. Watoto wetu wanakula kila siku viumbe ambao mtaalamu wa ng'ambo angevuka bahari kuja kuwaona wakiwa hai, na hakuna anayewaambia.

Hapo ndipo wengine huuliza: basi kwa nini asiletwe buibui huyo huku, azalishwe, atawanywe nyumbani mwetu? Ninaielewa hamu hiyo. Aliyezika mtoto ana haki ya kuuliza swali lolote. Lakini Ziwa Victoria lenyewe linatupa jibu. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu walimtia humo sangara, wakitaka samaki mkubwa wa biashara. Biashara ilikuja kweli, na viwanda vikajengwa. Ila ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo, zinazokadiriwa kuwa karibu 200, zilikuwa zimetoweka au zimebaki kwa shida. Kiumbe aliyewekewa nyumba moja ana mambo anayoyajua na asiyoyajua. Ukimhamisha hujui atamla nani. Na Mbita kwenyewe, pamoja na huyo buibui wao, malaria ipo. Buibui hula mbu mmoja mmoja. Ni mtumishi mwaminifu katika kazi kubwa, wala hakuumbwa aifanye kazi yetu.

Kazi yetu inajulikana. Chandarua chenye dawa kikifungwa vizuri kitandani, pamoja na mtoto mwenye homa kupimwa na kutibiwa siku hiyo hiyo, na dimbwi la nyuma ya nyumba kufukiwa, ndivyo vinavyookoa. Vyandarua vinavyogawiwa bure na kuishia kuwa nyavu za kuvulia ndakala wachanga vinatuumiza mara mbili, kitandani na ziwani. Ninasema hivi kwa uchungu, nikijua njaa ndiyo inayomsukuma mvuvi. Bado ni hasara.

Pamoja na hayo, nina ombi kuhusu kuta zetu. Tumezoea kumponda buibui kwa kandambili bila kumtazama, na mtoto anajifunza hivyo kwa mama na baba. Yule mdogo anayerukaruka ukutani hana habari na wewe. Hawezi kuwa Evarcha wa Mbita, lakini ni wa ukoo ule ule, na nzi na mbu ni chakula chake. Ukimwona, mwite mtoto, mwonyeshe yale macho mawili ya mbele, mwache buibui ageuke awatazame. Mwambie mtoto kwamba kando ya ziwa lingine, ng'ambo ya Tanzania, ndugu wa huyu hujua kumtofautisha mbu jike na dume kwa kutazama vipapasio. Kisha mwache aende zake ukutani, na usiku ukifika mlaze mtoto ndani ya chandarua.